Aliyeuliza Samaki Anazalia Wapi

Mwishoni mwa mwaka 1953 Rosemary Lowe, mtafiti wa samaki katika kituo cha Jinja nchini Uganda, aliolewa na mtaalamu wa miamba aitwaye Richard McConnell, na kwa kuolewa akaipoteza kazi yake. Utumishi wa kikoloni wa Uingereza haukumtaka mwanamke mwenye mume. Alikuwa na umri wa miaka 32. Miaka minane alikuwa ameimaliza kwenye maziwa yetu, kwanza Nyasa, kisha Victoria, akijifunza mambo ya perege ambayo hapakuwa na kitabu cha kumfundisha. Ndoa ikatosha kumtoa.

Narudi kwenye mwaka huo kila ninaposoma habari za Ziwa Victoria, maana ulikuwa mwaka wa njia panda. Nyavu za nailoni zilikuwa zinaingia. Sheria ya macho ya nyavu, iliyomlinda ngege, perege mwenyeji wa ziwa hilo, tangu miaka ya 1930, ilikuwa inapigwa vita na haikubakiwa na muda mrefu. Maofisa walikuwa wakijadili kumleta sangara kutoka Ziwa Albert. Na wakati huo huo serikali ikamwacha aende zake mtu ambaye pengine kuliko yeyote mwingine alijua ngege anazalia wapi, watoto wake wanakulia wapi, na tumboni mwake mna nini.

Sidai kwamba mtafiti mmoja angeweza kuuzuia uamuzi wa serikali tatu. Ninachoamini ni kwamba ikolojia ya samaki, ile kazi ya kumfuata samaki akiwa hai, mahali pake na majira yake, ndiyo inayokatwa kwanza ofisi inapokosa fedha au subira. Miaka 50 baadaye ndiyo hiyo hiyo inayotafutwa kwa udi na uvumba. Maisha ya Ro, kama wenzake walivyomwita, yamenishawishi hivyo.

Alizaliwa Liverpool mwaka 1921 na kusoma katika chuo kikuu cha mji huo huo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa maji baridi kando ya Ziwa Windermere, kaskazini mwa Uingereza, na samaki wake wa mwanzo alikuwa mkunga. Mkunga wa Ulaya huishi miaka mingi mitoni na ziwani. Akikomaa, ngozi yake hugeuka rangi ya fedha, naye huteremka baharini kwenda kuzaa mbali katika Atlantiki, asirudi tena. Lowe alitaka kujua ni usiku upi anaoondoka. Makala yake ya mwaka 1952 inaonyesha kwamba mwanga humzuia: mkunga husubiri giza, na husubiri mto ujae. Wavuvi wa dagaa wa Kigoma na Mwanza, ambao hupumzisha mitumbwi mwezi unapokuwa mkubwa, hawahitaji kuelezwa kwa nini swali hilo lina uzito. Samaki ana kalenda yake. Anayetaka kumjua sharti aisome kalenda hiyo kwanza.

Akiwa na swali la namna hiyo akaja Nyasa mwaka 1945.

Alikuwa na miaka 24. Serikali ilitaka kujua hali ya chambo, perege wakubwa wa ziwa hilo ambao ndio kitoweo na biashara ya watu wa pande zake zote. Utafiti uliomtangulia, wa mwaka 1939, ulikuwa umepeleka London samaki wengi ndani ya chupa za spiriti. Katika jumba la makumbusho la Uingereza, Ethelwynn Trewavas, bingwa wa perege na furu kwa karne nzima iliyopita, alikuwa amewapanga na kuwapa majina. Lakini samaki wa chupani hana rangi. Spiriti huifuta. Chambo kadhaa walifanana mno wakiwa wamekufa hivi kwamba ilikuwa vigumu kusema kama ni spishi moja yenye sura nyingi au spishi kadhaa zenye sura moja.

Lowe alikwenda kuwatazama wakiwa ziwani. Akafuata mazalia. Dume wa chambo huchimba mchangani kiota cha duara, hukisafisha na kukilinda, na jike akija hutaga humo, kisha huyaokota mayai na kuyafumbata kinywani. Huyabeba hivyo mpaka yaanguliwe, na hata baada ya hapo watoto wakiona hatari hurudi kinywani mwa mama. Haya wavuvi waliyajua. Jambo ambalo halikuwa limeandikwa ni kwamba chambo mmoja huzaa majira haya na mwenzake majira mengine, mmoja kwenye kina hiki na mwingine kwenye kina kile. Na wakati wa kuzaa, dume wa aina moja kichwa chake huwa cha rangi ya samawati iliyopauka, na wa aina nyingine huwa mweusi tii. Ndani ya chupa walikuwa ndugu wasiotofautishika. Ziwani walikuwa wameshaachana zamani, kwa saa, kwa mahali na kwa rangi.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Wanabiolojia wa wakati huo walikuwa wanabishana jinsi spishi mbili zinavyoweza kutokea ndani ya maji yale yale bila mlima wala jangwa kuzitenga. Maziwa ya Afrika Mashariki yalikuwa kitendawili chao kikubwa: mamia ya spishi za jamii ya perege na furu katika bakuli moja la maji. Lowe hakuanza na nadharia. Alianza na tarehe, kina cha maji, na hali ya mayai tumboni mwa majike. Katika makala ya mwaka 1953 kuhusu perege wa Nyasa aliandika jinsi tofauti za mazalia na majira zinavyowatenga samaki hao, na humo akampa jina chambo mmoja, *saka*.

Baadaye wataalamu wengine walimpima upya *saka* na kusema kwamba ni yule yule ambaye Trewavas alikuwa amekwisha kumpa jina la *karongae*. Wapo wanaoendelea kubishana. Mimi jambo hilo halinisumbui hata kidogo. Jina la spishi linaweza kufutwa na mtu wa kizazi kijacho. Daftari linalosema ni mwezi gani, kwenye mchanga gani na kina gani madume walionekana kwenye viota, halifutiki. Chambo wa kusini mwa ziwa walianguka vibaya kuanzia miaka ya 1990, na sasa wamo katika orodha ya samaki walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Anayetaka kuwarudisha hana budi kujua walikuwa wakizaa lini walipokuwa wengi, na kumbukumbu hizo ndizo zilizoandikwa kati ya 1945 na 1947.

Hakuwa mwanamke wa kwanza kwenye kazi hii. Trewavas mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1900, alikuwa akiwapokea na kuwatia moyo wasichana waliotaka kwenda kwenye maji ya Afrika, na kabla ya vita Kate Ricardo na Janet Owen walikuwa wamekwenda hadi Ziwa Rukwa kuchunguza samaki wake. Kulikuwa na mnyororo wa wanawake hapo. Mmoja akakaa na chupa London, wengine wakaenda na mitumbwi, na barua zikasafiri kati yao. Sheria ya ndoa ilikuwa panga juu ya mnyororo huo.

Mwaka 1948 Lowe alifika Jinja, kwenye shirika jipya la utafiti wa uvuvi wa Afrika Mashariki lililoanzishwa mwaka mmoja kabla. Ziwa alilolikuta lilikuwa ziwa la ngege. Ngege ni perege wa Victoria mwenyewe, mla mwani mdogo usioonekana kwa macho, na kabla ya sangara ndiye aliyekuwa samaki wa heshima mezani kuanzia Kisumu hadi Mwanza. Nyavu za kutega zilizoletwa mwanzoni mwa karne zilikuwa zimempunguza kiasi cha kuitia serikali wasiwasi. Michael Graham, aliyetumwa kulipima ziwa mwaka 1927 na 1928, alipendekeza macho ya nyavu yasipungue inchi tano, ili ngege azae angalau mara moja kabla ya kunaswa. Pendekezo zuri. Lakini lilimwangalia ngege kwa urefu wake tu.

Lowe akaongeza mahali. Ngege mkubwa hukaa katikati ya ghuba. Jike mwenye watoto kinywani husogea ufukoni, huwatema kwenye maji ya kina kifupi karibu na majani, na hapo ndipo wanapokulia. Mwenzake, yule perege ambaye Wajaluo humwita mbiru, huwalea wake kwenye fuko zilizo wazi zaidi zenye kupigwa na mawimbi. Kwa hiyo ufuko mmoja si sawa na mwingine. Mtu akivuta kokoro kwenye ghuba tulivu yenye matete, anachota watoto wa ngege, hata kama nyavu zote za katikati ya ziwa zina macho ya inchi tano kama sheria isemavyo. Ukishajua hivyo, unaona kwamba kupima jicho la wavu bila kuuliza wavu umetegwa wapi na mwezi gani ni kumlinda samaki nusu. Tathmini yake ya perege wa Victoria ilichapishwa na kituo cha Jinja mwaka 1956. Yeye hakuwapo tena kazini.

Katikati ya miaka ya 1950 sheria ya inchi tano ikaachwa. Nailoni, isiyooza kama pamba, ikaongeza nguvu ya kila wavu. Sangara akatiwa ziwani miaka ya 1950, kisha akaongezwa waziwazi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, naye mtafiti wa Jinja, aliandika makala ya kuonya dhidi ya kumleta samaki huyo, akieleza kwamba mla nyama mkubwa hupoteza sehemu kubwa ya chakula anachokula badala ya kukigeuza nyama, hivyo ziwa litatoa samaki wachache kwa ujumla. Onyo halikusikilizwa. Kwa miaka ishirini sangara alikaa kama mgeni asiye na haraka. Miaka ya 1980 alilipuka. Utafiti wa 1969 hadi 1971 ulikuwa umeonyesha kwamba asilimia 80 hivi ya uzito wa samaki wa chini ziwani walikuwa furu, wale samaki wadogo wa mamia ya spishi ambao Humphry Greenwood alianza kuwachambua pale pale Jinja. Ndani ya muda mfupi wengi wao hawakuonekana tena.

Kikundi cha watafiti wa Leiden, Uholanzi, kilichoanza kazi Mwanza mwaka 1977 na kuwapo pale wakati wa anguko lenyewe, kilishuhudia samaki wakitoweka kabla hawajapewa majina. Tijs Goldschmidt, mmoja wao, aliandika kitabu juu ya anguko hilo. Mimi nikisoma habari hizo uchungu wangu huenda kwenye jambo dogo zaidi: kwamba kwa spishi nyingi za furu hatuna hata ukurasa mmoja wa kusema zilizalia wapi. Kwa ngege tunao. Tunao kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeuliza miaka ile mitano aliyoruhusiwa kuuliza.

Na ngege hajaisha. Yumo kwenye vijiziwa vya pembeni vilivyotengwa na mafunjo ambamo sangara hakufika, kama Kanyaboli upande wa Kenya. Wanaomhangaikia leo wanajua maji yamebadilika pia: ule mwani aliokuwa akiula umepungua ziwani na mahali pake pamechukuliwa na mwani mwingine wa kijani-buluu. Hata hilo lisingeeleweka vizuri kama kituo cha Jinja kisingekuwa kimepasua matumbo ya ngege na kuandika yaliyomo wakati samaki huyo alipokuwa wa kila siku na hakuna aliyemwona wa thamani.

Baada ya kuondolewa, Lowe, sasa Lowe-McConnell, alimfuata mumewe. Wengine wangekomea hapo, na hakuna ambaye angewalaumu. Yeye alifika Guyana, wakati huo koloni la Uingereza huko Amerika ya Kusini, akaanza upya na samaki ambao hakuwahi kuwaona. Kwenye nyika za Rupununi alikuta dunia iliyo kinyume cha maziwa aliyoyaacha. Mvua ikija, nyika nzima hugeuka maji, na samaki huenea kila mahali kwenda kuzaa. Mvua ikikatika, maji hurudi kwenye mabwawa machache, samaki hubanana, hupungukiwa hewa, huliwa na ndege na wenzao, na wanaobaki husubiri mwaka mwingine. Orodha yake ya samaki wa Rupununi ilitoka mwaka 1964.

Huko huko aliingia baharini. Meli ya utafiti ilikuwa ikikokota nyavu kwenye mwambao wa Guyana, na Lowe-McConnell akapanga kilichovuliwa kwa kufuata kina na aina ya sakafu ya bahari. Karibu na nchi, kwenye matope ya mito mikubwa, alikuta samaki wa rangi ya kahawia. Mbele yake wa dhahabu, mbele zaidi wa fedha, na kule nje kwenye kina, wekundu. Naipenda mno ramani hiyo ya rangi. Inaonyesha mtu yule yule aliyesimama kwenye mazalia ya chambo na kuona kwamba rangi ya samaki ni habari ya mahali anapoishi. Makala ya mwaka 1962 iliyobeba matokeo hayo ni ya elimu ya bahari kamili, nayo iliandikwa na mtu ambaye ofisi ya uvuvi ya maziwa ilikuwa imemaliza naye.

Kuanzia mwaka 1962 aliishi Uingereza, akawa na meza kwenye jumba la makumbusho la London, karibu na Trewavas na Greenwood. Mwaka 1968 alikuwa Mato Grosso, Brazili, na msafara wa kisayansi. Kisha akaketi kuandika. Vitabu viwili, cha 1975 juu ya jamii za samaki wa maji baridi ya tropiki, na cha 1987 kilichopanua kazi hiyo hadi baharini, ndivyo vilivyolifanya jina lake lijulikane kwa wanafunzi wa ikolojia ya samaki duniani kote. Hoja inayopita ndani yake ni rahisi kuieleza, ingawa ilimchukua maisha. Mahali ambapo maji hupanda na kushuka kwa nguvu, kama Rupununi au nyika za mafuriko za mito ya Afrika, samaki hutaga mayai mengi kwa mkupuo, hukua upesi, hufa wengi, na hurudi wengi. Mahali ambapo maji yametulia miaka elfu kwa elfu, kama kwenye mawe ya Nyasa na Tanganyika au kwenye matumbawe, samaki huzaa wachache, huwalea, hugawana chakula na makazi kwa uangalifu wa ajabu, na jamii yao huwa na spishi nyingi mno.

Matokeo yake kwa mvuvi na kwa serikali ni mazito. Samaki wa mafuriko anaweza kuvuliwa kwa nguvu mwaka huu na mvua njema ikamrudisha. Samaki wa ziwa tulivu, anayebeba watoto kinywani, ukimvunja harudi kwa msimu mmoja. Ukitia mgeni katika jamii kama hiyo unakata nyuzi ambazo hukuzihesabu. Lowe-McConnell alikuwa ameziona jamii hizo zote mbili kwa macho yake, na ya tatu baharini. Sidhani kuna wengi wa kizazi chake walioweza kusema hivyo, na ninajiuliza kama angeandika kwa upana ule kama asingetupwa nje ya Jinja. Swali hilo halinipi faraja. Upana alioupata haukuliponya pengo lililobaki Victoria.

Kuna upande mwingine wa athari yake, ambao hauonekani kwenye rafu za maktaba. Mwaka 1959 alichapisha makala ya kulinganisha tabia za kuzaa za perege wote aliowajua: wanaotaga juu ya jiwe au mchanga na kulinda mayai pale pale, na wanaobeba kinywani. Trewavas alikuja kuligawa kundi zima kwa msingi huo wa malezi. Walinzi wa mayai wakabaki na jina la *Tilapia*, wanaobeba kinywani wakatengwa, na wale ambao jike peke yake ndiye mbebaji wakawa *Oreochromis*. Leo hii jina hilo liko kwenye mifuko ya vifaranga wa sato, yule perege wa Nile, na kwenye ripoti za ufugaji, na wachache wanakumbuka kwamba chini yake kuna mtu aliyekaa akimwangalia samaki jike akiyaokota mayai yake.

Wafugaji wa mabwawa wana malalamiko ya siku zote: samaki hawakui, wanazaana tu. Lowe-McConnell alikuwa amelichunguza jambo hilo kwenye maji ya asili. Aliwalinganisha sato wa maziwa mbalimbali ya Afrika Mashariki na kuona kwamba wale wa Ziwa Turkana huanza kuzaa wakiwa wakubwa, ilhali wale waliofungiwa kwenye wangwa wa Buhuku, kando ya Ziwa Albert, huanza wakiwa na urefu wa sentimita 10 hivi. Samaki ni yule yule. Akibanwa mahali padogo, huacha kukua na kuanza kuzaa. Mkulima wa Mbeya au Kakamega anayetenganisha madume na majike, au anayenunua vifaranga wa kiume watupu, anapambana na tabia hiyo hiyo. Mwaka 1980 wataalamu wa perege walikutana Bellagio, Italia, na kitabu kilichotokana na mkutano huo, alichokihariri pamoja na Roger Pullin mwaka 1982, kikawa nguzo ya ufugaji wa samaki huyu, ambaye sasa anafugwa katika nchi zaidi ya 100.

Kuna jambo moja katika kazi za wakati huo linaloniuma, nalo silisemi ili kumpunguzia heshima. Wavuvi, wapiga makasia na wapasuaji samaki waliofanya kazi hiyo pamoja na watafiti wa Jinja na Nyasa hawana nafasi kwenye kurasa za mbele za machapisho yale. Majina ya samaki yalitoka vinywani mwao: *lidole* imeingia kwenye Kilatini cha sayansi kutoka lugha za watu wa Nyasa. Majina ya watu hayakuingia. Ukitaka kujua mazalia yako wapi kwenye ziwa la urefu wa zaidi ya kilomita 500, lazima kuna mtu aliyekuonyesha. Watafiti wetu wa sasa wanaokwenda kwa wavuvi wana nafasi ya kulifanya vizuri zaidi jambo hili, na wengine wameanza.

Mwaka 1997 chama cha Linnaeus cha London kilimtunuku nishani yake. Hakustaafu. Mwaka 2003, akiwa amepita miaka 80, alichapisha mapitio marefu ya utafiti wa maziwa makuu ya Afrika, akifuatilia kazi za vijana waliozaliwa baada yake kwa miongo mingi, na mwaka 2009 akaandika mengine. Alifariki Desemba 2014. Wasifu wake, aliouandika mwenyewe mwaka 2006, aliupa jina la perege.

Kazi yake iliyo karibu zaidi nasi, kwa maoni yangu, haimo kwenye vitabu vile vikubwa. Mwaka 1955 alichapisha maelezo ya perege wapya kutoka Ziwa Jipe na Mto Pangani: mmoja akamwita *jipe*, mwingine *pangani*, mwingine *korogwe*. Ziwa Jipe liko mpakani, nusu Kenya nusu Tanzania, chini ya Milima ya Upare. Tangu wakati huo sato amepandikizwa kwenye mabonde mengi ya mito ya Tanzania, mara kwa mradi wa serikali, mara kwa mfugaji ambaye bwawa lake limevunjwa na mvua. Sato huchanganyika damu na perege wenyeji. Watafiti wanaofanya kazi na vinasaba wamewakuta machotara katika sehemu kadhaa. Ili kusema huyu ni mwenyeji safi na huyu amechanganyika, wanahitaji kipimo cha mwenyeji kabla mgeni hajafika, na kwa Pangani kipimo hicho ni ile makala ya 1955 na samaki wake waliohifadhiwa London.

Miaka ya karibuni perege wa Korogwe amekutwa pia Rutamba, mkoani Lindi, mamia ya kilomita kusini mwa Pangani, kwenye vijiziwa ambavyo hakuna aliyetarajia kumkuta. Amejitenga huko kwa muda mrefu kiasi cha kuwa na sura yake mwenyewe. Sato naye amekwisha kufika. Kwa hiyo vifaranga wa sato wasipelekwe tena Rutamba wala kwenye maziwa jirani, hata kama msaada unaowaleta una nia njema. Wapo perege wa kienyeji wanaoweza kufugwa Lindi. Na kabla ya mradi wowote, taasisi zetu za utafiti zimlipe kijana mmoja, wa kike au wa kiume, mwenye ndoa au asiye nayo, akae kando ya Ziwa Rutamba mwaka mzima, masika na kiangazi, pamoja na wavuvi wa pale, na majina yao yaandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti.